Ushahidi wa Tumboni

Mwaka 1916 wataalamu wanne wa wadudu, Nathan Banks, Charles Greene, Waldo Lee McAtee na Raymond Shannon, walichapisha katika jarida la Chama cha Biolojia cha Washington orodha ya nzi-maua wa Wilaya ya Columbia na viunga vyake. Ni kurasa thelathini na moja zilizojaa majina ya Kilatini, na asiye na haja nazo atapiga miayo kabla hajamaliza ya pili. Lakini ukijua ajira ya mmoja wao, unaitazama orodha hiyo kwa jicho jingine. McAtee alilipwa mshahara na serikali ya Marekani ili achunguze matumbo ya ndege.

Ofisi yake ilizaliwa mwaka 1885 ndani ya Wizara ya Kilimo, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujibu swali la wakulima: ndege yupi ni rafiki wa shamba, na yupi ni mwizi? Mkulima aliyemkuta ndege katikati ya mahindi alimhukumu palepale. Ofisi ikataka ushahidi. Ndege waliuawa mashambani, matumbo yao yakapelekwa Washington, na pale mezani watu wakaketi kutenganisha mbegu na magamba ya mende, taya la sisimizi na mguu wa panzi, kipande kwa kipande, wakiandika. Jicho la mkulima lilijua ndege alikotua. Tumbo lilijua alichomeza.

Ufundi huo wa kulihoji tumbo ili kujua shamba linamlisha nani ungali hai, ila siku hizi umeshuka hadi kwa viumbe wadogo kabisa. Anayetaka kujua nzi-maua wanaishi kwa kula nini katika mashamba ya mahindi, soya na mboga, huwakamata mwezi baada ya mwezi, huwapasua, na kuhesabu punje za chavua zilizomo ndani yao. Ni kazi isiyo na kelele wala umaarufu, na katika sayansi yote ya kilimo sijaona nyingine inayonivutia zaidi.

Nzi-maua ni familia kubwa, Syrphidae, yenye aina zaidi ya 6,000 duniani. Kila aliyewahi kulima mboga ameshakutana nao, hata kama hakuwajua kwa jina. Ni yule mdudu mwenye mistari ya njano na nyeusi anayesimama angani juu ya ua la giligilani au la sukuma wiki iliyoachwa ikatoa mbegu, haendi mbele wala nyuma, kisha ghafla hayupo. Wengi humdhania nyigu au nyuki, na yeye anafaidika na dhana hiyo, kwa maana hana mwiba. Nyigu ana mbawa nne. Huyu anazo mbili, na mahali pa zile nyingine pana vijiti viwili vidogo vinavyompa mizani akiwa hewani.

Mabuu wa aina nyingi hula vidukari, wale ambao wakulima wengi wa Tanzania huwaita wadudu mafuta. Buu hana macho wala miguu. Hupapasa juu ya jani, akimgusa kidukari humkamata, humwinua juu, humfyonza hadi libaki ganda, kisha huendelea na mwingine. Mpaka anapokuwa bundo ameshamaliza mamia. Kwa hiyo mkulima ana vibarua wawili katika mwili mmoja: mtoto anayesafisha mboga, na mzazi anayebeba chavua kutoka ua hadi ua.

Lakini mtoto hapatikani bila yai, na yai halikomai bila protini. Nekta humpa nzi sukari, yaani nguvu ya kuruka. Protini huitoa kwenye chavua. Dume pia hula chavua, ila hitaji lake kubwa ni sukari, kwa sababu kule kusimama angani, mbawa zikipiga zaidi ya mara mia kwa sekunde, kunakula nguvu nyingi mno. Jike ndiye mwenye njaa ya chavua. Swali la shamba lote, ukilichuja, linabaki hili: mama huyu atakula nini hapa, na mwezi gani?

Mahali pazuri pa kuuliza swali hilo ni Beltsville, Maryland, kilomita ishirini hivi kaskazini-mashariki mwa Ikulu ya Marekani. Wizara ya Kilimo ilinunua shamba la kwanza hapo mwaka 1910, ekari 475, na leo kituo kina ekari 6,500 hivi, katikati ya miji iliyokua na kukizunguka pande zote. Tangu mwaka 1996 kuna jaribio la muda mrefu linalolinganisha kilimo cha kawaida na kilimo hai kwa mzunguko wa mahindi, soya na ngano. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Wilaya ya Columbia kina shamba la utafiti la ekari 143 liitwalo Firebird, ambako mboga zinazopendwa na wahamiaji, wakiwemo Waafrika, hupandwa na kupimwa. Upande wa magharibi, Kaunti ya Montgomery ilitenga mwaka 1980 ekari 93,000 za hifadhi ya kilimo. Mgeni anayetua Washington akitarajia nguzo za marumaru na ofisi tupu hushangaa kukuta mahindi yakianza dakika chache nje ya barabara kuu.

Nzi-maua wa mashamba haya wana kalenda yao. Machi ikielekea ukingoni, miti ya mepo nyekundu na micheri huchanua kabla majani hayajatoka, na siku ya kwanza yenye jua la kutosha nzi wanaonekana. Baadhi yao ni majike ya Eristalis tenax, nzi anayefanana sana na nyuki wa asali, waliokwisha kupandwa tangu mwaka uliopita na kujificha kipindi chote cha baridi. Aprili, mashamba ambayo hayajalimwa hugeuka manjano kwa magugu ya jamii ya haradali, na nyasi za uani hujaa dandelioni. Hapo huanza kuonekana wadogo wa jenasi Toxomerus, ambao ndio raia wa kawaida kabisa wa mashamba ya mashariki mwa Marekani. Toxomerus marginatus ana urefu wa milimita tano au sita tu, na kutoka majira ya kuchipua hadi mapukutiko hupokezana vizazi, kila kimoja kikitegemea maua yaliyopo wakati wake.

Mei huleta vimaua vyeupe vya Erigeron kandokando ya njia, pamoja na chavua ya nyasi, ambayo watu wa Washington huijua kwa kupiga chafya. Juni ni karoti-mwitu na chikori, ua la buluu linalofunguka asubuhi na kufumba jua likiwa utosini. Anayekwenda kuhesabu nzi saa nane mchana atasema chikori haina mgeni, na atakuwa amekosea kwa sababu ya saa yake. Julai mahindi hutoa mbelewele. Septemba ni zamu ya Solidago, mimea mirefu yenye vichala vya manjano inayojaa kwenye kingo na kwenye mashamba yaliyoachwa, na nyuma yake huja maasta ya zambarau na meupe. Oktoba baridi huua mboga laini usiku mmoja, lakini siku za jua za Novemba bado utamkuta Eristalis tenax kwenye asta la mwisho.

Kalenda hiyo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuiandika kwa miaka miwili mitatu. Ugumu unaanza unapotaka kujua kama nzi aliyetua alikula. Nzi hutua kwenye ua kwa mambo mengi. Hutua kupumzika, kuota jua, kunywa nekta, kungoja jike. Tena kuna chakula ambacho hakionekani akikila kwa sababu hakuna anayetazama huko: mtu husimama kwenye maua ya rangi, wakati Toxomerus yuko kwenye suke la nyasi. Ndipo anapohitajika fundi wa tumbo.

Kazi yake huanza na wavu wa mkono na njia moja isiyobadilika, inayopitwa kwa mwendo uleule na saa zilezile, mwezi wenye nzi wengi na mwezi usio nao. Kila anayekamatwa huingia kwenye chupa yake ndogo yenye alkoholi. Ukiwatia kumi katika chupa moja, chavua ya huyu itamganda yule, na ushahidi umeshaharibika kabla hujafika mezani. Wavu wenyewe hubeba chavua ya jana, hivyo aliye makini huukung'uta na kuuosha. Kisha nzi husuuzwa, kwa sababu chavua iliyo kwenye manyoya ni alichokigusa, na kinachotafutwa ni alichokimeza.

Mezani, chini ya hadubini ya kupasulia, fundi hushika kifua kwa koleo moja jembamba na ncha ya tumbo kwa jingine, na kuvuta. Mkono mzito hupata vipande. Mkono uliozoea huutoa utumbo mzima, na ukiwa umejaa chavua unang'aa manjano katika tone la maji. Jike hutazamwa pia mayai yake: hayajaanza, yameanza, au yameiva. Hapo ndipo mlo na uzazi vinapokutana katika mstari mmoja wa daftari. Utumbo hupasuliwa juu ya kipande cha kioo, hutiwa jeli ya gliserini yenye rangi nyekundu ya fuksini, hupashwa moto kidogo, hufunikwa. Kioo hupewa namba ileile ya nzi. Nzi wenyewe hawatupwi. Wanahifadhiwa ili atakayetilia shaka jina lao aweze kurudi kuwatazama.

Kisha huja kusoma, na huko ndiko miaka inakoishia. Chini ya hadubini inayokuza mara mia nne, kila ukoo wa mimea una umbile lake la chavua. Punje za alizeti, asta na Solidago zina miiba pande zote. Za mchicha ni duara zenye matundu mengi yaliyopangika kwa nafasi sawa. Za karoti-mwitu na giligilani ni ndefu, zenye mifereji mitatu ya kwenda chini. Za haradali na sukuma wiki zina uso wa wavu. Msonobari unajulikana upesi kuliko zote kwa vifuko vyake viwili vya hewa. Nyasi zina uso laini na tundu moja lenye ukingo.

Hapo kwenye nyasi ndipo ninapomvulia fundi kofia. Ngano-mwitu, nyasi za malisho, nyasi za uani, zote zina uso ule ule na tundu lile lile, zikitofautiana kidogo mno kwa ukubwa. Asiye na subira atalazimisha jina. Aliyeiva huandika "nyasi" na kuendelea. Mahindi ndiyo pekee anayoyatenga kwa uhakika katika mashamba haya, maana punje yake ni kubwa, mikroni 80 hadi 100, na nyasi za porini hazifiki huko. Vivyo hivyo kwa ukoo wa asta: umbo peke yake haliwezi kusema kama ni Solidago au asta la jirani yake. Lakini tarehe kwenye chupa inaweza kusaidia, kwa sababu punje yenye miiba iliyomezwa Mei haikutoka kwenye mmea unaochanua Septemba. Kalenda ya maua na kioo cha hadubini vinasomwa pamoja, na kila kimoja kinamsahihisha mwenzake.

Wakati fundi wa mezani akisoma, anakutana na fundi mwingine aliyemtangulia, naye ni nzi. Mwaka 1976 Beverley Holloway wa New Zealand alionyesha jinsi baadhi ya nzi-maua wanavyotumia miili yao kuvuna. Chavua huganda kwenye manyoya, nao huichana kwa miguu, huikusanya, na kuipeleka mdomoni. Wengine huilamba moja kwa moja kutoka kwenye ua, kwa mdomo unaokunjuka na kutanuka mwishoni. Miaka saba baadaye J. R. Haslett alichapisha picha za kile kinachotokea ndani. Ukuta wa punje ya chavua ni mgumu kupita kiasi. Hukaa ardhini maelfu ya miaka bila kuoza. Nzi havunji ukuta huo wala hausagi. Akiwa na punje tumboni, vilivyomo hutoka kupitia vitundu na mifereji ambayo mmea wenyewe uliiacha, na ganda hupita zima, kama dafu lililonywewa kwa tundu. Hiyo ndiyo bahati ya msomaji: chakula kimeliwa, lakini jina lake limebaki.

Nimetaja bahati, ila tumbo lina hila zake. Mwaka 1932 McAtee, yule wa orodha ya 1916, alichapisha kupitia Taasisi ya Smithsonian matokeo ya matumbo takriban 80,000 ya ndege. Alidai kwamba rangi za kuonya na za kuigiza hazimlindi mdudu yeyote, kwa sababu ndege huonekana kuwala wadudu kwa kadiri wanavyopatikana. Nzi anayevaa mavazi ya nyigu, kwa hesabu hiyo, alikuwa akijisumbua. Wakosoaji wake walimjibu kwamba tumbo huonyesha kilicholiwa, wala haliwezi kuonyesha kilichokataliwa, na kwamba bila kujua kulikuwa na nini porini siku ile, huwezi kusema ndege alichagua au hakuchagua. Walikuwa sahihi, na mwigo wa nyigu umethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Matumbo 80,000 hayakutosha kwa sababu hesabu ya pili haikuwepo.

Somo hilo limeingia katika ufundi wa leo. Fundi wa chavua hahesabu tumboni tu. Siku ileile ya wavu huhesabu pia maua yaliyofunguka pembeni ya njia yake, aina kwa aina, hata yale asiyoyapenda. Akikuta chavua ya karoti-mwitu katika nusu ya nzi wake, atauliza kwanza karoti-mwitu ilikuwa sehemu gani ya maua yote. Ikiwa ilikuwa nusu, nzi amekula kilichopo. Ikiwa ilikuwa haba, basi ameitafuta.

Kuna pia hila ya ukubwa. Ukihesabu punje mia mbili na ukakuta ishirini za mahindi na mia na themanini za asta, utadhani asta ndiyo mlo mkuu. Lakini punje ya mahindi yenye upana wa mikroni 90, ikilinganishwa na ya asta yenye mikroni 25, ina ujazo wa karibu mara 47. Zile ishirini zimemjaza nzi tumbo kuliko zile mia na themanini. Tena ujazo nao hautoshi, kwa kuwa chavua haina thamani moja: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2000 na T'ai Roulston na wenzake uliikuta protini ya chavua za mimea mbalimbali ikianzia asilimia 2.5 hadi 61. Kila hesabu inafungua nyingine nyuma yake, na mwenye kazi anajua aandike hadi wapi na aache wapi.

Ufundi huu wote ungekuwa bure kama jina la nzi lingekuwa la kubahatisha, na hapo Washington ina utajiri wake. Jumba la Makumbusho la Historia Asilia la Smithsonian lina hazina ya wadudu zaidi ya milioni 35, wengi wao wakiwa na kijikaratasi chao kwenye pini. Humo F. Christian Thompson wa Wizara ya Kilimo, aliyefariki mwaka 2021, alitumia maisha yake ya kazi kuyapanga majina ya nzi-maua na kusimamia kumbukumbu ya majina ya nzi wa dunia nzima. Kazi ya namna hiyo hukaa kimya mpaka siku inapohitajika. Raymond Shannon, kijana wa ile orodha ya 1916, aliendelea na nzi-maua, kisha akaajiriwa na Wakfu wa Rockefeller na kupelekwa Brazil. Machi 1930, akiwa mjini Natal, alichota mabuu ya mbu majini na kuwatambua: Anopheles gambiae, mbu wa malaria wa Afrika, aliyekuwa amevuka bahari ya Atlantiki. Ilichukua miaka kumi mpaka Brazil ikamtokomeza mbu huyo. Jicho lililomtambua lilikuwa limefunzwa kwa kuhesabu mishipa ya bawa la nzi.

Sasa turudi shambani, kwa kuwa huko ndiko ushahidi huu unakolipa. Maryland huwalipa wakulima wapande mazao funika kipindi cha baridi, ili mbolea isisombwe na mvua hadi Ghuba ya Chesapeake. Mojawapo ya mazao hayo ni klova nyekundu. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei shamba la klova hiyo ni jekundu toka ukingo hadi ukingo, na mtu atasema hapa wadudu wameandaliwa karamu. Kwa nyuki ni kweli. Lakini ua la klova limefumba chavua yake ndani ya mrija, na mdomo wa Toxomerus ni mfupi. Anapita juu ya wekundu wote huo na kwenda kutafuta dandelioni, haradali-mwitu na nyasi zilizo kwenye mtaro. Mkulima akiusafisha mtaro kwa dawa wiki hiyohiyo, amewafungia chakula majike wakati vidukari wa kwanza wanapoanza kuzaana kwenye mboga zake. Tofauti ya wiki mbili katika kufyeka inaweza kuwa tofauti ya kizazi kizima cha mabuu.

Watafiti wa New Zealand na Uingereza walilifanyia kazi jambo hili katika miaka ya 1990. Walipanda mistari ya Phacelia kando ya mashamba ya nafaka. Ua hilo lina chavua nyingi iliyo wazi, na punje zake zinajulikana kwa urahisi chini ya hadubini, hivyo zikawa alama. Nzi aliyekamatwa katikati ya ngano akiwa na chavua ya Phacelia tumboni alikuwa amekula kando na kuja kutaga ndani. Hakuna aliyehitaji kumfuata akiruka. Tumbo lilisimulia safari.

Na mahindi nayo yana habari yake. Toxomerus politus amefungamana na mahindi hata mabuu yake hayali vidukari: hula chavua iliyoanguka na kukusanyika kwenye makwapa ya majani. Mwaka 1888 Charles Riley na Leland Howard, wote wa Wizara ya Kilimo hapohapo Washington, waliandika juu yake katika jarida la Insect Life, wakati ambapo buu lolote lililoonekana ndani ya muhindi lilitiliwa shaka. Jamaa yake, Toxomerus floralis wa Amerika ya kitropiki, amekwisha kufika Afrika. Mwaka 2015 Kurt Jordaens na wenzake waliripoti kuwepo kwake Afrika Magharibi, na kwamba mabuu yake hula chavua ya ndago, lile gugu linalowatoa jasho wakulima kuanzia Lagos hadi Lindi.

Julai 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza mpango wa kuhama Beltsville katika kipindi cha miaka kadhaa. Majengo yanaweza kuhamishwa. Jaribio la tangu 1996 lina mizizi katika udongo uleule, mipaka ileile na mitaro ileile, na mfululizo wa miaka ukikatika hauungiki mahali pengine. Vivyo hivyo kwa mtu: anayeitambua chavua ya ukoo wa haradali kwa mtazamo mmoja amefika hapo kwa kukosea mara nyingi mbele ya mtu aliyemsahihisha, na kiti hicho cha pili kando ya hadubini ndicho kigumu kukihamisha.

Kwa upande wetu, ufundi huu haudai fedha nyingi. Shule ya sekondari ya Lushoto au Kiambu yenye hadubini moja nzima inaweza kuanza, mradi ianze mwanzo. Mwaka wa kwanza usiguse nzi. Kusanya maua: mahindi, mchicha, giligilani, alizeti, sukuma wiki iliyopanda mbegu, ndago, na kila gugu la mtaroni. Toa chavua ya kila moja, itengenezee kioo chake cha rejea, andika jina, mahali na tarehe, kisha kaa uvitazame vioo hivyo hadi uweze kuvitambua vikiwa vimechanganywa na jina limefunikwa. Wakati huohuo, kila wiki, andika kinachochanua na kilichokoma, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Mwaka wa pili shika wavu. Utakapolipasua tumbo la kwanza, utakuwa na kalenda ya kuliulizia maswali na vioo vya kuthibitisha majibu yake, na mkulima jirani atakapouliza ni gugu lipi aliache mpaka vidukari wapungue, hutamjibu kwa kukisia.